Namna ya Kumfundisha Jambo Jipya Mtu Aliyeanza Kuugua Alzheimer

Mtu aliyeanza kuugua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu, huweza kusimulia kwa ufasaha mambo ya ujana wake, kisha akauliza kwa mara ya tano asubuhi hiyohiyo kwamba leo ni siku gani. Hafanyi makusudi, na anayemtunza atamsaidia vizuri zaidi akielewa kinachotokea ndani ya ubongo wake.

Seli za neva huwasiliana kwenye sinapsi, ambapo seli moja humwaga kemikali, mara nyingi glutameti, na ya pili huinasa kwa vipokezi vyake. Sinapsi ikichochewa kwa nguvu na kwa kurudiarudia, kalsiamu huingia katika seli inayopokea, vipokezi huongezeka, na mawasiliano huimarika kwa muda mrefu. Watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walilieleza jambo hili mwaka 1973 baada ya kuchunguza ubongo wa sungura. Alzheimer huvuruga kazi hiyo kwa protini mbili, beta-amiloidi na tau, na sinapsi huanza kupotea kabla seli zenyewe hazijafa. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohitajika ili matukio mapya yakumbukwe, huathirika mapema, ilhali mazoea ya mwili, yanayotegemea sehemu nyingine, hudumu zaidi.

Kwa hiyo chagua jambo moja tu na uliambatanishe na tendo. Badala ya kumkaririsha tarehe, ambayo kesho itakuwa nyingine, mfundishe kutazama kalenda iliyo ukutani. Muulize, “Baba, utajuaje leo ni siku gani?” kisha umpe jibu mwenyewe, “Nitatazama kalenda,” alirudie na aende akaitazame. Muulize tena baada ya nusu dakika, halafu baada ya dakika moja, mbili, nne na nane, huku mkizungumza mengine katikati. Akikosa, usimwambie “Fikiria vizuri,” wala usimwache abahatishe, kwa kuwa kosa nalo hujikita, na yeye huenda asikumbuke kwamba alisahihishwa. Mpe jibu papo hapo, alirudie, kisha rudi kwenye muda wa mwisho alioumudu. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote, maana kumhoji mgonjwa kama mwanafunzi humwaibisha na hakumfundishi kitu.

Fanyeni zoezi hili akiwa hajachoka, na usingizi wake ulindwe, kwa sababu kumbukumbu mpya huimarika mtu anapolala. Kalenda isihamishwe. Mbinu hii haizuii ugonjwa wala hairudishi sinapsi zilizopotea, na dawa kama donepezili, ambayo huongeza asetilikolini, kemikali nyingine ya mawasiliano, kwenye sinapsi zilizosalia, hutolewa kwa maelekezo ya daktari.

Iwapo atachanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpeleke hospitali bila kungoja, kwani Alzheimer kwa kawaida huzidi polepole, na badiliko la haraka namna hiyo huweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa anazotumia.