Mota ya msumeno inavuma lakini haizunguki

Mota ya fezi moja, volti 240, ikivuma bila kuzunguka, izime papo hapo. Ukiiacha, koili zitaungua.

Chomoa plagi, kuzima swichi hakutoshi. Vua mkanda, zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, tatizo ni beringi, usipoteze pesa kwa kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji kinachoisukuma mota ianze.

Ikizunguka laini, fungua kile kifuniko kilichotuna ubavuni mwa mota. Humo mna kapasita ya kuwashia, na hubaki na chaji hata stima ikishatoka. Unganisha miguu yake miwili kupitia rezista ya omu 10,000, wati 5, kwa sekunde 20, kisha pima kwa mita uhakikishe haina volti. Usiunganishe miguu kwa bisibisi: hutoa cheche na kuharibu kapasita. Iliyovimba au kuvuja, tupa. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile. Volti zisipungue zile za zamani.

Kapasita mpya ikilipuka upesi, usilaumu duka. Mota inapopunguza mwendo husikika "tak": swichi ya ndani, ile inayokata kapasita, inarudi kuiunganisha. Usipoisikia kabisa, huenda swichi imeganda, na kapasita haikatwi mota ikishika kasi. Hapa Mombasa hili ni jambo la kila mara: vumbi la mbao hunyonya unyevu wa chumvi, shaba ikaota kutu ya kijani. Puliza vumbi, sugua pointi za swichi hiyo, pale shaba zinapogusana, kwa msasa laini namba 400.

Mota ya fezi tatu ikivuma hivyo, aghlabu fezi moja imekatika. Fundi stima apime: kila jozi ya fezi isome karibu volti 415. Aanzie kwenye fyuzi.