Somo: Mtoto mwenye mfuko wa tumboni anaporudi shuleni

Wazazi wenzangu, hamjambo. Mwanangu alipasuliwa akiwa na miaka minane, taifodi ilipomtoboa utumbo. Sisi tuko Kasese, Uganda, na watu wa hapa wanaikumbuka taifodi ya kuanzia 2008, ilivyowapeleka wengi kwenye upasuaji wa namna hiyo. Mwanangu alitoka wodini na ileostomia: utumbo mwembamba umetolewa nje upande wa kulia wa tumbo, choo kinapita hapo na kuingia mfukoni. Wengine wana kolostomia, yaani utumbo mpana ndio umetolewa nje; hao ni kama watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, au wenye ugonjwa wa Hirschsprung, ambao sehemu ya utumbo mpana haina neva za kusukuma choo. Choo cha ileostomia ni cha majimaji na kinachoma ngozi. Cha kolostomia huwa kizito zaidi. Ishikeni tofauti hiyo, tutaihitaji.

Muhula mzima nilimfanyia kila kitu mimi. Niliona ndiyo mapenzi. Matokeo yake mtoto akawa hataki kuvuka lango la shule bila mama. Ndiyo maana somo hili linahusu mikono ya mtoto mwenyewe.

Hatua ya 1: Alizoee tumbo lake. Mpe kioo. Mwonyeshe kwamba stoma, yaani ule utumbo uliotokeza nje, ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo, na kwamba haiumi ikiguswa kwa sababu haina mishipa ya kuhisi maumivu. Tone la damu wakati wa kufuta ni kawaida. Mwache aipe jina. Wangu anaiita Nyanya. Mtoto akishaipa jina anaweza kuizungumzia bila kuinamisha kichwa.

Hatua ya 2: Kumwaga. Hii ndiyo ya kwanza kumfundisha, maana ndiyo atakayoifanya shuleni kila siku. Amwage mfuko ukifika theluthi moja, asingoje ujae, kwa sababu mfuko mzito hujivuta na kubanduka. Kwenye choo cha shimo achuchumae mbele kidogo, afungue mdomo wa mfuko kuelekea shimoni, aufute kwa karatasi, aufunge, anawe kwa sabuni. Sisi tulifanya mazoezi nyumbani kwa mfuko uliotiwa uji, wiki nzima, mpaka akawa anamaliza kabla sijahesabu mia.

Hatua ya 3: Kubadilisha, na ngozi. Hapa msiharakishe. Badilisheni asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa umetulia. Bandueni taratibu huku mkono mwingine umeshika ngozi. Osheni kwa maji matupu ya vuguvugu, kaushieni kwa kitambaa laini kwa kugusa tu, bila kusugua. Tundu la kibandiko, ile sehemu ya mfuko inayoshika ngozi, lizidi stoma kwa milimita 2 au 3. Likiwa kubwa, choo kinakaa juu ya ngozi na kuila. Likibana, linaikata stoma. Stoma hupungua wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kwa hiyo pimeni upya kila mnapobadilisha mpaka itulie. Kisha mtoto apashe kibandiko joto kwapani dakika moja, abandike, aweke kiganja juu yake. Msipake mafuta ya mgando chini ya kibandiko, hakitashika.

Mifuko ni ghali, na mara nyingi haipatikani, najua. Mwenye kolostomia anaweza kutumia vitambaa vya pamba: paka ngozi mafuta ya mgando au krimu ya zinki, weka kitambaa kilichokunjwa, funga kwa kipande kipana cha lesu. Vifuliwe, vichemshwe, vianikwe juani, vipigwe pasi pande zote, maana nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kambani. Kufunga kavera (mfuko wa plastiki) kiunoni kwa uzi nakukataza kabisa, uzi unachana ngozi. Kwa ileostomia vitambaa huloana upesi, hivyo mifuko michache mliyo nayo itunzeni kwa siku za shule.

Hatua ya 4: Mfuko wa akiba. Mifuko miwili iliyokwisha kukatwa tundu, vitambaa, chupa ya maji, kavera la taka, kaptura moja. Aubebe mwenyewe kwenye begi.

Hatua ya 5: Shule. Nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa kabla ya muhula kuanza. Ombeni mambo matatu tu: akae karibu na mlango, atoke bila kuomba ruhusa, atumie choo cha walimu chenye komeo. Mtoto ndiye aeleze. Wangu alijifunza maneno haya: "Niliugua tumbo nikapasuliwa, sasa choo kinapitia hapa mpaka daktari atakapopafunga." Mwalimu aliyesikia hivyo kutoka kwa mtoto wa P.3 (darasa la tatu) hakuuliza zaidi.

Posho (ugali) na maharagwe ya shule anakula. Maharagwe huleta gesi, atamwaga mara nyingi, basi. Kwa ileostomia chungeni mahindi ya kuchoma, karanga, miwa na nyuzi za fenesi, vinaweza kuziba. Atafune sana, na vingine vimsubiri nyumbani. Mpira acheze, amwage kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Bwera: Binti yangu ana ileostomia, ngozi imechubuka inatoa maji, na mfuko haushiki. Nifanyeje?*

Pole dada. Kwanza pima tundu, nahisi limekuwa kubwa kuliko stoma. Ukiwa na unga wa stoma, nyunyiza kidogo palipochubuka, pangusa unaozidi, ndipo ubandike. Mfuko ukivuja usiuzibe kwa plasta, ubadilishe, kwa sababu choo kinabaki chini yake kikiendelea kuchoma. Ukiona vipele vyenye kuwasha vinavyosambaa, huenda ni fangasi, mpeleke kliniki.

*Baba, Arua: Nimempatia kijana nafasi ya bweni. Nimpeleke?*

Mzee, mimi ningengoja mpaka awe anabadilisha peke yake, usiku, bila taa nzuri. Na awepo mtu mzima mmoja bwenini anayejua. Siku akiharisha, ileostomia inapoteza maji na chumvi haraka sana. Maji matupu hayatoshi, anahitaji ORS (maji ya chumvi na sukari ya kuharisha), na mtu wa kuona kwamba mdomo umekauka na mkojo umepungua.

*Shangazi, Bombo: Mtoto wetu wa miaka kumi anataka kufunga Ramadhani na wenzake. Ana ileostomia.*

Shangazi, kwa sababu hiyo hiyo ya maji na chumvi, mimi singemruhusu. Hajabaleghe, haijawa faradhi kwake, na mgonjwa ana ruhusa. Aamke daku na nyinyi, afuturu na nyinyi, mchana anywe. Kuhusu udhu, muulizeni sheikh wenu. Wasioweza kuzuia kinachotoka wana hukumu yao.

*Mama P.4: Wenzake wanamwita jina baya kwa sababu ya harufu.*

Iliwahi kutupata. Mfuko uliofungwa vizuri haunuki, kwa hiyo angalia kwanza kama kibandiko hakivuji na kama mdomo wa mfuko unafutwa. Kisha mwambie mwalimu siku hiyo hiyo. Wangu alichagua marafiki wawili akawaonyesha Nyanya, kwa hiari yake. Hao wawili wakawa wanamwambia kimya kimya shati linapopanda.

*Mjomba, Hoima: Dalili gani za kukimbilia hospitali?*

Stoma ikiwa zambarau au nyeusi. Isipotoa kitu kwa saa nne hadi sita huku tumbo linakaza au anatapika. Damu isiyokoma. Utumbo ukitoka nje mrefu kuliko kawaida, mlaze, ufunike kwa kitambaa safi chenye maji, usiusukume kwa nguvu, mwite boda.