Fungeni Banio Kabla Maji Hayajaanza Kujaa

Kila kiangazi, mboga na mpunga huungua katika mabonde yaliyo karibu na midomo ya mito ya Dar es Salaam, kama vile Mpiji na Mzinga, na chanzo ni kile kile. Mkulima hufungua banio, yaani lango la mfereji wa kumwagilia, jioni, huona maji yakiingia mferejini yenyewe bila pampu, kisha huenda kulala na kuliacha wazi. Maji yanayopanda mferejini namna hiyo yamesukumwa na bahari, nayo huja na chumvi inayounguza mazao.

Mazoea ya jioni ndiyo yanayowaponza wengi. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu, bahari yetu hupwa mnamo saa 10 hadi saa 11 jioni, hivyo anayemwagilia saa hizo hupata maji ya mto na haoni madhara yoyote. Baada ya wiki moja hivi, siku moja au mbili kupita mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bamvua, yaani maji makubwa, huwadia, na saa zile zile alizozizoea huwa ndizo za maji kujaa, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Bamvua za Septemba na Oktoba zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huwa kubwa na huukuta mto umepungua.

Siku za bamvua, fungueni banio saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, yaani kuanzia mnamo saa 2 asubuhi, na mlifunge maji yanapoanza kugeuka, mnamo saa 4 au muda mfupi baadaye. Saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo anayefuata saa ya juzi amekwisha kukosea kwa zaidi ya saa moja na nusu. Jedwali la maji kupwa na kujaa linapatikana, na wavuvi wa jirani wanazijua saa hizo bila jedwali. Hakuna sababu ya kukisia.

Kosa la pili ni kuuchimba mdomo wa mfereji ili upate maji mengi. Maji ya chumvi ni mazito na hutambaa chini, huku ya mto yakielea juu yake, hivyo mdomo uliochimbwa hadi usawa wa sakafu ya mto huyaita ya chumvi kwanza. Inueni kizingiti kwa viroba vya mchanga. Anayetumia pampu aufunge mdomo wa mpira kwenye dumu tupu linaloelea, ubaki takriban sentimita 30 chini ya uso wa maji.

Pimeni kwa kifaa cha kupima chumvi kabla ya kufungua, na mpime maji ya chini, si ya juu pekee. Kwa miongozo ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maharage huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 0.7 dS/m (kipimo cha chumvi kwenye maji), vitunguu 0.8 na mpunga 2.0. Maji ya 3 dS/m hubeba takriban gramu 38 za chumvi katika kila ndoo ya lita 20. Msipime kwa kuonja: mito inayopita jijini haionjwi, na wakulima wa bonde la Msimbazi wana tatizo la majitaka ambalo kufunga banio hakuliondoi.

Mkifanya hivyo, majani machanga yatatoka bila ncha kuungua.

Chumvi ikiwa imekwisha kuingia, msiuache udongo ukauke, kwani maji yakipanda hewani chumvi hubaki juu. Jazeni jaruba maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yatoeni kwa mfereji wa chini, kisha rudieni. Wala msimwage urea kwa kuona majani yamekuwa ya njano. Mbolea hiyo ikiyeyuka udongoni nayo huyazuia maji kama chumvi, na mmea ulioshindwa kunyonya maji utazidi kushindwa.