Pima mapigo ya moyo kabla hujatoka kitandani
Wale mnakimbia msitu wa Karura asubuhi jaribuni hii, ukiamka tu kabla hujashika simu weka vidole viwili kwa kifundo cha mkono (si gumba, hiyo iko na mapigo yake), hesabu sekunde 30 zidisha na 2. Andika wiki nzima ujue kawaida yako. Watu wazima wengi ni 60 hadi 100 kwa dakika, wakimbiaji wa ukweli hata 40 na kitu, kwa sababu moyo wenye nguvu unasukuma damu mingi kwa pigo moja. Siku namba imepanda kama 7 hivi kupita kawaida yako, mwili bado umechoka, punguza mbio. Lakini kama jana ulikunywa, uko na homa ama unameza dawa za presha, hiyo namba itakudanganya.