Kabla ya kupeleka watoto mwambani, tazama mwezi

Nimezaliwa Likoni, Mombasa, na ingawa siku hizi naishi Tudor, kisiwani, likizo kwangu haijatimia mpaka nimevuka feri na watoto tukashuke mwambani Shelly Beach maji yakiwa yamepwa. Wanangu watatu wamezoea. Watoto wa kaka yangu, wanaokuja kutoka Nairobi, nao hawaulizi tena habari ya bembea. Wakishuka tu kwenye basi: "Shangazi, bamvua lini?"

Hapo ndipo pa kuanzia. Ukienda siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, utakuta mwamba haujatoka sawasawa, watoto wakae mchangani wakuulize wanyama wako wapi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hapa Mombasa hupanda na kushuka kwa tofauti inayoweza kukaribia mita 4. Bahati yetu ni kwamba katika bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati mzuri kwa mtoto. Babangu alikuwa mvuvi na alihesabu kwa tarehe za Kiislamu: mosi hadi tatu, kisha kumi na tano hadi kumi na saba. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Kama huna hesabu hizo, tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini kwenye intaneti.

Fikeni saa mbili unusu, mkiwa mmeshakula mahamri na mbaazi nyumbani. Mwamba unataka mtoto aliyeshiba. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, myafuate polepole, na yakisimama mgeuke. Usingoje uone yakirudi. Mwaka mmoja niliwaongezea watoto dakika kumi kwa sababu walikuwa wamepata kaa mkubwa. Bahari mbele yetu ilikuwa bado mbali, imetulia, kumbe maji yalikuwa yameshapita pembeni na kujaza mfereji uliokuwa nyuma yetu. Asubuhi tuliuvuka kwa maji ya kifundo cha mguu. Tulirudi kwa maji ya paja langu, mdogo nimemweka mgongoni ananikaba shingo. Tangu siku hiyo, tukifika tu tunachagua jiwe moja karibu na mfereji, na mtoto mmoja anapewa kazi ya kulilinda. Maji yakiligusa, tunatoka, hata kama pana kaa wa dhahabu.

Viatu ni vya kufunga: raba kuukuu au vya plastiki vyenye mikanda. Kandambili acha nyumbani. Mwanangu wa pili alikanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu, na miiba ilipenya kandambili kama karatasi. Ikitokea hivyo, usichokonoe kwa sindano, kwa sababu miiba hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, uyapime kwanza kwa mkono wako, kisha mpeleke zahanati. Na kwenye vidimbwi, sheria yetu ni macho kwanza, mkono mwisho. Konokono mwenye umbo la pia, hata awe na madoa mazuri vipi, haokotwi, kwani wengine wana sumu ya kuua mtu mzima. Yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ndiyo maana mtoto haingizi mkono mahali asipopaona.

Vingine ni vyepesi: maji ya kunywa lita moja kwa kila mtoto, kofia, fulana za mikono mirefu, na leso mbili. Ndoo usibebe. Ukibeba ndoo, watoto watataka kuijaza.

Sasa raha yenyewe. Chuchumaeni kando ya kidimbwi kimoja na mnyamaze dakika tano. Mwanzo hamtaona kitu. Halafu kombe linaanza kutembea, kumbe kaa mdogo amehamia ndani yake. Kiti cha pweza chekundu, yaani nyota ya bahari, kinajivuta taratibu sana, mpaka watoto wanabishana kama kimesogea. Tafuteni tundu lenye maganda ya kaa yaliyorundikwa mlangoni, maana pweza akishakula hutupa taka zake nje. Mwezi wa Disemba tulilipata moja. Tukamwona jicho tu, lile lenye mstari mweusi uliolala, linatutazama. Binti ya kaka yangu akasogeza kivuli chake, na pweza aliyekuwa rangi ya kahawia akawa mweupe, kisha akatoka vipele kama mwani, tukampoteza mbele ya macho yetu.

Jiwe mkilifunua, lirudisheni vilevile, upande uleule. Hili ninalisema kwa ukali na sioni haya. Wanaoishi chini yake, na mayai yao, jua la saa tano huwamaliza upesi. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza kwa chuma chake alinifundisha nikiwa na miaka minane: alinirudisha nyuma mawe yote niliyopindua, moja moja, nikayalaza. Makombe nayo yaacheni, maana huyo kaa mdogo anayahitaji ya kuhamia. Mkienda upande wa Nyali na Bamburi, hifadhi ya bahari ya tangu 1986, kuokota ni kosa la kisheria.

Mkipanda juu, waonyesheni watoto ukuta wa mwamba. Watauona umejaa alama kama za masega na maua. Hayo ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari, na jiwe la aina hiyo ndilo lililojenga Fort Jesus, iliyoanzwa 1593, na nyumba za Mji wa Kale.

Sisi tukishavuka feri kurudi, humalizia bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Watoto wakae mbali na ukingo, kwani jabali lile limesimama wima. Saa kumi na moja maji yamejaa na meli inaingia Kilindini. Mdogo hunyoosha kidole chenye pilipili kuelekea ng'ambo, anataka tumwonyeshe pweza amelala wapi.