Namna ya kufundisha hatari ya mashine katika zamu ya nyuklia

Nafundisha fizikia skuli moja hapa Wete, Pemba. Somo hili huliweka saa tatu asubuhi, jua linapoingia dirisha la mashariki. Vifaa ni kioo kidogo, saa na vikaratasi viwili vitatu.

Mkalishe mwanafunzi mmoja akitazama ukuta. Mwambie yeye ndiye mwenye zamu, na kila doa la mwanga ukutani ni kombora. Ana dakika mbili aamue: tujibu au tusijibu. Mwenzake aliye dirishani arushe mwanga kwa kioo mara moja, kisha mara nne. Darasa zima lilie king'ora. Usiwanyamazishe, maana bila kelele zile somo halikai.

Akishaamua, wasimulie ya Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Kisovieti. Usiku wa 26 Septemba 1983 alikuwa zamu kusini ya Moscow, setilaiti za Kisovieti zikatangaza kombora moja kutoka Marekani, kisha mengine manne. Kumbe ni jua lililomulika mawinguni. Petrov aliripoti kuwa ni hitilafu: nani huanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano? Na rada za ardhini hazikuona kitu.

Sasa rudia zoezi, na hapa usifanye haraka. Safari hii mpe mwenye zamu karatasi: "Akili mnemba imehakiki. Uhakika asilimia 98. Jibu." Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekataa mara ya kwanza, mara hii alikubali kabla dakika moja haijaisha. Nikamuuliza kilichobadilika.

"Karatasi, Mwalimu. Ina uhakika kuliko mimi."

Mwanga ni uleule, kioo kilekile. Ile 98 niliiandika mwenyewe usiku, jikoni kwangu, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Atakayekuuliza Wete na nyuklia wapi na wapi, mwoneshe majamvi ya kuanikia karafuu uani. Moshi wa miji inayoungua kwa vita hivyo unaweza kuziba jua hata la huku. Mkataba wa Pelindaba, unaotumika tangu 2009, unazuia silaha hizo Afrika, lakini hauzuii moshi.

Mwisho andika ubaoni: Novemba 2024, mjini Lima, Peru, Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, na Xi Jinping wa China walikubaliana kuwa uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu. Chini yake andika swali: aliposhika karatasi ile, nani aliyeamua? Wataanza kubishana. Kengele ikilia waache watoke nalo, usiwajibie.