Mnaenda Udvar-Hazy na watoto? Soma hii kwanza

Ndugu zangu wa DMV (DC, Maryland na Virginia), hii ni ya nyie wenye watoto wanaoshinda wanauliza maswali ya mwezi na nyota, na nyie mliotembelewa na mgeni kutoka nyumbani ambaye White House kashaiona, sasa anakaa sebuleni anawaangalia tu.

Kwanza mjue National Air and Space Museum, makumbusho ya ndege na vyombo vya anga za juu, ina majengo mawili, watu wanachanganya sana hapa. Moja liko mjini DC pale National Mall, lingine linaitwa Udvar-Hazy Center liko Chantilly, Virginia, pua na mdomo na airport ya Dulles. La mjini kuingia ni bure ila lazima uchukue tiketi ya muda maalum mtandaoni kabla hujatoka nyumbani, na paki ya mjini mnaijua wenyewe. Udvar-Hazy hakuna mambo ya tiketi, unalipia paki tu dola 15 kwa gari hata mkijaa saba kwenye minivani, na ukiingia baada ya saa kumi jioni hata hiyo hulipi. Mjini kuna vitu vizito, chombo cha Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu mwezini, kiko kule, lakini kama una mtoto chini ya miaka kumi nenda Chantilly, ana nafasi ya kukimbia. Msijaribu yote mawili siku moja, nilishafanya huo ujinga na wa mwisho nilimbeba mgongoni kuanzia saa nane.

Wanafungua saa nne asubuhi na kufunga saa kumi na moja na nusu jioni, kila siku isipokuwa Krismasi. Fika saa nne hiyo hiyo, sio saa nne ya kibongo. Usiyekuwa na gari panda treni ya Silver Line mpaka Innovation Center halafu basi la Fairfax Connector namba 983, ila ratiba ya wikiendi iangalie kabla. Mlangoni wanakagua mabegi kwa hiyo kisu cha kumenyea maembe kiache nyumbani. Kigari cha mtoto kinaingia, na kama mko na mzee ulizeni kiti cha magurudumu, wanaazimisha bure. Msione aibu, lile jengo ni refu jamani.

Sasa ukishaingia, watoto watavutwa na ndege za pale mbele, we wapitishe moja kwa moja mpaka ukumbi wa anga za juu mkaione Discovery, chombo cha NASA kilichokuwa kinabeba wanaanga na kurudi kama ndege, wakati miguu bado ina nguvu. Hii sio modeli, ni yenyewe, imeenda angani mara 39 kati ya 1984 na 2011, ukijumlisha siku zote ilizokaa huko ni mwaka mzima, na ndiyo iliyobeba darubini ya Hubble mwaka 1990. Waonyeshe vile vigae vyeusi vya tumboni na alama za kuungua, waambie hayo ni makovu ya kurudi duniani, yaani hewa yenyewe inageuka moto ukiingia kwa spidi ile. Wangu walinyamaza kabisa, na kwetu hilo ni tukio. Kuna wanasiasa wa Texas wanapigania ihamishiwe Houston, kwa hiyo chungulia tovuti ya makumbusho kabla ya kuwaahidi watoto.

Humo humo mtafute Gemini VII, kichombo ambacho wanaume wawili walikaa siku 14 mwaka 1965, nafasi yake kama siti za mbele za gari dogo. Waambie hao wanaogombania dirisha kila safari. Pia kuna ile karavani waliyofungiwa wanaanga wa Apollo 11 waliporudi, ilihofiwa wamekuja na vijidudu vya mwezini. Baada ya corona mtoto hahitaji maelezo marefu hapo.

Na safari ya gari itumie kuwapa ya kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi ikaitwa Uhuru, na ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya X kutoka kwenye nyota. Mwanangu hakuamini mpaka nikamuonyesha kwenye simu.

Kwenye ndege msipoteze muda kwa kila moja, ziko kibao. Concorde, ndege ya abiria iliyopita spidi ya sauti, halafu ile nyeusi ya kijasusi SR-71 ambayo tarehe 6 Machi 1990 ilitoka Los Angeles mpaka Washington kwa saa moja na dakika nne, wakati sisi siku ile tulitumia saa moja na robo kutoka Silver Spring shauri ya foleni ya Beltway, ile barabara inayozunguka DC. Enola Gay iko pale pia, ile iliyodondosha bomu la Hiroshima, na mtoto atauliza, kwa hiyo jiandae kabla maana mimi nilibaki nababaika. Kuna wazee wa kujitolea wanaotembeza watu bure, wafuateni hata nusu saa.

Hela inapoondoka ni kwenye simuleta (mashine za kuigiza kuruka), sinema ya IMAX na duka. Panga kabisa nyumbani, kila mtoto kitu kimoja, wakati wa kutoka. Kula kwenye maonyesho hairuhusiwi, sisi pilau tuliliacha kwenye hotpoti ndani ya buti, saa saba tukatoka tukala kwenye paki tukarudi, hakuna foleni ya chakula wala nini.

Mwisho pandeni ule mnara wa kuangalia ndege zinavyotua Dulles, kuna lifti. Bibi yao aligoma kushuka mpaka aone Ethiopian, ndege iliyomleta. Haikuja. Nilimtoa pale kwa kumkumbusha kwamba ukoko umebaki kwenye gari.